Raia Waliokimbia Vita Kivu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya ndugu wenye jamaa zao mashariki mwa Kongo, vikundi vya makanisani na misikitini vinavyokusanya misaada, wanafunzi, na yeyote anayesikia majina ya Goma, Sake na Uvira redioni akataka kujua watu walioko huko wanahitaji nini hasa. Majibu yanahusu Kivu Kaskazini na Kivu Kusini pamoja na nchi jirani zilizopokea watu, yaani Uganda, Rwanda, Burundi na Tanzania.

Ni vita gani vinavyozungumziwa, na watu walikimbia kuelekea wapi?

Mashariki mwa Kongo pamekuwa na vita kwa zaidi ya miaka 30, na makundi yenye silaha ni mengi. Wimbi linalozungumziwa hapa ni lile lililoanza mwishoni mwa 2021, kundi la waasi la M23 liliporudi vitani katika wilaya ya Rutshuru. Bunagana, mji mdogo ulio mpakani kabisa na Uganda, ulitekwa Juni 13, 2022, na sehemu kubwa ya wakazi wake ikavuka kwenda Kisoro. Waliokuwa Rutshuru na Kibumba walishuka kusini hadi Kanyaruchinya, kwenye miguu ya mlima Nyiragongo. Mapema 2024 barabara ya Sake, mji mdogo ulio magharibi mwa Goma, ilipogeuka uwanja wa mapigano, watu wa Masisi nao wakamiminika Goma na kujaza kambi za Bulengo, Lushagala, Rusayo na Mugunga. Goma yenyewe ilitekwa mwishoni mwa Januari 2025, Bukavu katikati ya Februari, na Desemba mwaka huohuo mapigano yakafika Uvira, watu wakavuka tena kwa makumi ya maelfu kuingia Burundi.

Familia nyingi, kwa hiyo, hazikukimbia mara moja. Zilikimbia mara tatu, nne au tano, na kila safari zikiacha kitu nyuma: kwanza mbuzi, halafu godoro, halafu sufuria. Anayepanga msaada akidhani kwamba mtu aliyefika jana ametoka nyumbani kwake jana atakosea hesabu tangu mwanzo.

Mkimbizi na mkimbizi wa ndani wana tofauti gani?

Tofauti ni mpaka tu. Aliyevuka na kuingia nchi nyingine ni mkimbizi, na analindwa na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1951 kuhusu wakimbizi pamoja na Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969, ambao ulipanua maana ya neno hilo ili limjumuishe pia anayekimbia vita na vurugu, hata kama hakuna anayemwinda yeye binafsi. Aliyekimbia akabaki ndani ya nchi yake ni mkimbizi wa ndani, na kwa sheria anaendelea kuwa raia chini ya serikali yake, hata pale ambapo serikali hiyo haina mkono katika eneo alipo. Afrika ina mkataba wake kuhusu wakimbizi wa ndani, Mkataba wa Kampala, uliopitishwa Oktoba 2009 na kuanza kufanya kazi Desemba 2012.

Dada wawili waliotoka kijiji kimoja usiku mmoja, mmoja akashika njia ya Bunagana na mwingine njia ya Goma, wana njaa ileile na hofu ileile. Lakini wa kwanza ataandikishwa, atachukuliwa alama za vidole na kupewa kadi, ilhali wa pili huenda asiandikwe popote. Kufikia Oktoba 2023 Shirika la Kimataifa la Uhamiaji lilikuwa limehesabu wakimbizi wa ndani milioni 6.9 katika Kongo nzima, idadi kubwa mara nyingi kuliko ya waliovuka mipaka.

Je, wengi wao wanaishi kambini?

Hapana. Kambi ndizo zinazopigwa picha, lakini katika Kongo walio wengi huhifadhiwa na familia: kwa shangazi, kwa rafiki wa zamani, kwa muumini mwenzao, au kwa mtu asiyewajua aliyewaonea huruma barabarani. Nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa na watu sita huamka ina watu kumi na wanane. Debe la maharage lililowekwa kwa ajili ya mbegu hupikwa. Baada ya miezi michache mwenyeji naye anakuwa mhitaji, ingawa hakukimbia kutoka popote, na jina lake halimo katika orodha ya mgao.

Kwa maoni yangu hili ndilo kosa kubwa linalorudiwa katika misaada ya eneo hili. Mgao ukimpita mwenyeji, mgeni huanza kuonekana mzigo, maneno yanaanza jikoni, na hatimaye mgeni hufungasha virago kwenda kambini, mahali ambapo maisha yake yatakuwa magumu zaidi na matunzo yake ya gharama kubwa zaidi. Mgao unaomfikia mwenyeji na mgeni kwa pamoja hulinda nyumba zote mbili.

Mtu anapofika, anahitaji nini kwanza?

Maji, choo na mahali pa kujikinga na mvua, na vitu hivyo vitatu havitenganiki. Viwango vya Sphere, vinavyofuatwa na mashirika mengi ya misaada, vinataka kila mtu apate angalau lita 15 za maji kwa siku, bomba moja lisihudumie zaidi ya watu 250, choo kimoja kisizidi watu 20 (au 50 katika siku za mwanzo za dharura), na kila mtu awe na mita 3.5 za mraba chini ya paa. Katika kambi za kuzunguka Goma viwango hivi vilibaki karatasini kwa muda mrefu.

Sababu moja ni ardhi yenyewe. Goma na vitongoji vyake vimekaa juu ya mawe ya volkeno, na sululu ikigonga jiwe lile inarudi. Kuchimba shimo la choo la mita tatu, kazi ya siku mbili mahali penye udongo, hapa haiwezekani bila mashine. Ndiyo maana vyoo vingi vilijengwa juu ya ardhi, mtu akipanda ngazi kuingia, na chini yake kukawa na tangi linalojaa haraka na kuhitaji gari la kulinyonya. Gari lisipokuja, tangi hufurika, na mvua ya Kivu, ambayo hunyesha sehemu kubwa ya mwaka, hubeba uchafu hadi kwenye mahema. Mahema yenyewe aghalabu ni fito za mkaratusi zilizokunjwa, zikafunikwa nyasi, majani ya migomba na kipande cha turubai, na sakafu yake ni mawe yaleyale, makali, ambayo mama hutandika majani juu yake kabla ya kumlaza mtoto.

Maji nayo ni Ziwa Kivu. Bomba likikauka, watu hushuka ufuoni na bidoni za njano za lita 20, wengine wakilipa kijana wa chukudu, baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, awapandishie. Katika vituo vya kutibu maji ufuoni utamkuta mhudumu aliyeketi na ndoo ya klorini na bomba la sindano. Kila bidoni inayopita anaitia kipimo chake, kisha anamwambia mwenyewe asubiri nusu saa kabla ya kunywa. Ni kazi ya kuchosha na malipo yake ni kidogo, lakini sindano ile imezuia vifo ambavyo hospitali isingeweza kuvizuia. Wazee wa Goma hawahitaji kuelezwa sababu: Julai 1994 kipindupindu kiliingia katika kambi za wakimbizi wa Rwanda hapohapo, na watu wakafa kwa makumi ya maelfu ndani ya wiki chache.

Mtu akianza kuharisha na kituo cha afya kiko mbali, afanyweje?

Apelekwe kituoni, na njiani aendelee kunyweshwa. Kama hakuna pakiti za chumvichumvi, lita moja ya maji safi ichanganywe na vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Kuharisha maji meupe kama ya kuoshea mchele, macho kudidimia na mkojo kukauka ni dalili za kwenda mara moja, hata kama ni usiku.

Magonjwa mengine ni yapi?

Surua huua watoto haraka panapokuwa na msongamano na utapiamlo, kwa hiyo chanjo yake ni miongoni mwa kazi za kwanza. Malaria ipo mwaka mzima. Mpox, ugonjwa wa virusi unaoleta upele na kuambukiza kwa kugusana, ilitangazwa na Shirika la Afya Duniani kuwa dharura ya kimataifa Agosti 14, 2024, na aina mpya ya kirusi chake iligunduliwa Kivu Kusini, jambo lililowatia watu hofu katika kambi ambazo mgonjwa hana pa kujitenga. Utapiamlo wa watoto hupimwa kwa mkanda wa rangi unaozungushwa katikati ya mkono wa juu: chini ya sentimita 11.5 ni hatari kubwa na mtoto hupewa lishe maalum ya karanga iliyotengenezwa tayari. Wagonjwa wa kisukari, shinikizo la damu, kifua kikuu na VVU husahaulika, ilhali mtu aliyekatiza dawa kwa wiki tatu akikimbia hawezi kusubiri awamu ya pili ya mradi.

Kipi bora, chakula au fedha?

Inategemea soko. Pale ambapo soko linafanya kazi na bidhaa zinafika, fedha taslimu au za kwenye simu humpa mama uhuru wa kununua unga, sabuni, au kulipa kodi ya chumba, na hubaki mikononi mwa wauzaji wa hapohapo. Pale ambapo barabara imekatwa, fedha hupandisha bei tu. Masisi na Rutshuru ndizo zilizokuwa zikilisha Goma kwa maharage, viazi na mahindi. Wakulima wenyewe walipogeuka wakimbizi, mji ulipoteza ghala lake siku ileile ulipoongezewa midomo.

Kingine kisichoonekana katika orodha za mgao ni kitu cha kupikia. Kilo kumi za maharage makavu bila sufuria na bila kuni haziliki. Wengi huuza nusu ya mgao ili wapate makaa, na mtu wa mbali akiona mafuta ya msaada sokoni husema kuna wizi, kumbe mara nyingi ni mama aliyefanya hesabu zake.

Kwa nini suala la kuni linahusishwa na usalama wa wanawake?

Kwa sababu kuni ziko porini, na pori lililo karibu ni Hifadhi ya Virunga, ambako wenye silaha wapo. Familia nyingi zilimtuma mama au binti kwa hesabu ya kikatili isiyosemwa kwa sauti: mwanamume akienda anaweza kuuawa, mwanamke akienda anaweza kubakwa. Vituo vya afya katika kambi za Goma vilipokea wanawake waliobakwa kila siku, na wengi walishambuliwa wakitafuta kuni au chakula.

Saa zina uzito mkubwa hapa. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinapaswa kuanzwa ndani ya saa 72, na dawa ya dharura ya kuzuia mimba ndani ya saa 120. Mwathirika hahitaji barua ya polisi wala ya chifu ili atibiwe, na yeyote anayedai barua hiyo kwanza anamdhuru. Mashariki mwa Kongo kuna ujuzi mkubwa wa tiba hii, katika hospitali ya Panzi ya Bukavu, iliyoanzishwa na daktari Denis Mukwege, mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel ya 2018, na katika HEAL Africa ya Goma. Tatizo ni umbali, nauli na aibu. Majiko yanayotumia makaa kidogo, taa za njiani na vyoo vya wanawake vyenye komeo hupunguza hatari kabla haijatokea, na gharama yake ni ndogo.

Watoto waliopotezana na wazazi wao hutafutiwaje?

Mtoto aandikishwe haraka kwa Msalaba Mwekundu wa Kongo, ambao hushirikiana na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu katika kutafuta jamaa, hata ng'ambo ya mpaka, au kwa shirika linalohusika na watoto mahali alipo. Asihamishwe kwenda mji mwingine kwa nia njema tu, kwa maana kila kilomita huongeza ugumu wa kumpata mzazi. Anayemhifadhi aandike mambo madogo anayoyakumbuka mtoto: jina la utani la baba, mti uliokuwa uani, mwalimu wake, kanisa au msikiti walikosali. Mtoto wa miaka minne hajui jina la wilaya, lakini anajua kwamba bibi alikuwa na ng'ombe mweupe asiye na pembe, na mara nyingine hilo linatosha.

Kwa nini wakimbizi huondolewa karibu na mpaka, ilhali wenyewe wanataka kubaki?

Wanataka kubaki kwa sababu za maana. Kutoka mpakani mtu aweza kurudi mchana kuangalia shamba, kuvuna mihogo na kusikia habari za waliobaki. Hata hivyo Mkataba wa 1969 unaitaka nchi mwenyeji, kwa sababu za usalama, iwapeleke wakimbizi umbali wa kuridhisha kutoka mpaka wa nchi yao, na desturi ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi ni kilomita 50.

Kanuni hiyo imelipiwa kwa damu. Usiku wa Agosti 13, 2004, washambuliaji waliingia katika kituo cha Gatumba, upande wa Burundi, kilomita chache tu kutoka Kongo, wakaua wakimbizi zaidi ya 150, wengi wao Wanyamulenge, yaani Watutsi wa Kivu Kusini. Na upande wa ndani, Mei 3, 2024, mabomu yaliangukia kambi za wakimbizi pembezoni mwa Goma na kuua raia, watoto wakiwamo. Kwa hiyo jibu la haki ni kuwahamisha watu, lakini kwa kuwaeleza mapema wanakopelekwa, kwa kutozitenganisha familia, na kwa kuhakikisha kwamba huko mbali maji yamefika kabla yao. La mwisho ndilo linaloshindikana mara nyingi.

Anayevuka mpaka hupokelewaje?

Uganda humpokea katika vituo kama Nyakabande, Kisoro, kisha humpeleka katika makazi kama Nakivale, ambako chini ya Sheria ya Wakimbizi ya 2006 ana ruhusa ya kufanya kazi na kutembea nchini, na kwa kawaida hupewa kipande cha ardhi, ingawa vipande hivyo vimekuwa vikipungua kadiri watu walivyoongezeka. Uganda ndiyo inayohifadhi wakimbizi wengi kuliko nchi nyingine yoyote ya Afrika.

Burundi ilipokea zaidi ya watu 60,000 ndani ya wiki chache za Februari na Machi 2025. Wengi walivuka mto Rusizi kwa shida, wengine wakazama, na waliofika wakalala katika uwanja wa mpira wa Rugombo, nje, mvua ikinyesha. Baadaye sehemu yao walipelekwa Musenyi, safari ya saa kadhaa kutoka mpakani, na baadhi walirudi walikotoka kwa kukosa chakula. Rwanda huwapokea wanaoingia kwa upande wa Rubavu katika kituo cha Nkamira. Tanzania imekuwa na Wakongo katika kambi ya Nyarugusu, Kigoma, tangu 1996, na kuanzia 2023 wapya walianza tena kuvuka Ziwa Tanganyika. Vijana waliozaliwa Nyarugusu sasa nao wana watoto.

Kambi za Goma zilifungwa. Si ina maana watu wamerudi nyumbani?

Wengi waliondoka Februari 2025 baada ya M23, waliokuwa wameushika mji, kuwapa saa 72. Mtu aliyepewa saa 72 hajachagua. Itifaki ya Pili ya 1977 ya Mikataba ya Geneva inakataza kuamuru raia wahame kwa sababu zinazohusiana na vita, isipokuwa pale usalama wao wenyewe au sababu za kijeshi zisizoepukika zinapolazimu. Na wakimbizi wa ndani, kwa kanuni za Umoja wa Mataifa, wana haki ya kurudi kwa hiari na kwa heshima.

Waliofika vijijini walikuta mapaa yameng'olewa, mashamba yameshikwa na wengine, na mabomu ambayo hayajalipuka yamelala kwenye majani. Mazao huko hupandwa kwa misimu miwili, ule wa Septemba na ule wa Februari au Machi. Aliyerudi bila jembe wala mbegu akakosa msimu wa Machi hakuwa na mavuno yake hadi mwanzoni mwa mwaka uliofuata, na kati yake na mavuno hayo palikuwa na miezi kumi ya kula kwa kuomba. Turubai alilopewa kambini mara nyingi lilibaki kambini.

Kwa nini misaada imepungua ilhali mahitaji yameongezeka?

Mambo matatu yalikutana ndani ya mwezi mmoja. Januari 2025 Marekani, iliyokuwa ikilipa sehemu kubwa zaidi ya gharama za misaada Kongo, ilisimamisha fedha zake. Uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa, mizigo ikalazimika kuzunguka kwa barabara. Na benki za Goma zikafunga milango, noti zikaadimika, ikawa hata mwenye fedha kwenye simu hapati wa kumtolea isipokuwa kwa makato makubwa. Maghala nayo yaliporwa wakati wa mapigano.

Hati zilizoungua au kupotea zinarudishwaje?

Kwa Wakongo wengi kadi ya mpiga kura ndiyo kitambulisho cha kila siku, kwa hiyo ikipotea mtu hukwama kwenye kizuizi cha barabarani, kwa wakala wa simu na kwenye orodha ya mgao. Mwenye nafasi apige picha hati zote na kumtumia ndugu wa mbali amtunzie. Mtoto aliyezaliwa ukimbizini aandikishwe ndani ya siku 90, kwa maana baada ya hapo sheria ya Kongo humtaka mzazi apitie mahakamani. Karatasi ya hospitali yenye tarehe ya kuzaliwa isitupwe, hata ikiwa imelowa.

Niko mbali. Nitume nini?

Nguo za mitumba zisafirishwe tu pale aliyeko huko alipoziomba. Nimeshuhudia marobota yakikaa miezi yakisubiri ushuru huku gharama ya kontena ikiwa imezidi thamani ya nguo. Ukimtumia ndugu fedha kwa simu, kwanza muulize makato ya kutolea siku hiyo ni kiasi gani, na kama kuna duka linalopokea malipo ya simu moja kwa moja, kwa sababu hapo atapata unga bila kukatwa. Tuma kidogokidogo badala ya kwa mkupuo, maana anayejulikana kuwa amepokea nyingi hutembelewa usiku. Usiandike jina lake wala mahali alipo kwenye mitandao ukishukuru au ukiomba michango.

Na kama amehifadhiwa na familia, uliza habari za mwenye nyumba pia: wako wangapi, wanapikia sufuria ngapi, watoto wa mwenyeji wamelipiwa shule. Ukituma cha ndugu yako, tuma na chake.